Sehemu ya 4: Mtoto ambaye daftari halikumwona

Mama zangu wa Kilosa na Mikumi, juzi mmoja wenu aliniuliza kliniki: "Nesi, uvimbe wa ubongo si ugonjwa wa Wazungu? Mbona huku hatuusikii?" Haya, tukae kidogo tuongee historia.

Mwaka 1951 Kampala ilianzisha rejista ya saratani, mojawapo ya za mwanzo Afrika. Mwaka 1961 Dkt. Denis Burkitt alitoka hapo kwa gari na wenzake wawili, wakazunguka hospitali hadi Afrika Kusini, kama kilomita 16,000, wakiulizia uvimbe wa taya kwa watoto. Waliupata, maana taya likivimba hata jirani analiona.

Ubongo je? Umejificha ndani ya fuvu. CT scan ilianza kupiga picha ya mgonjwa mwaka 1971, Uingereza. Hata Marekani, uvimbe wa ubongo usio saratani ulianza kuhesabiwa nchi nzima mwaka 2004 tu, baada ya kutungwa sheria.

Kwetu, mwaka 1992 mradi wa AMMP ulianza kuhesabu vifo Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini, hapo jirani. Wahojaji walikwenda nyumba zenye msiba kuuliza marehemu aliumwaje. Ikaonekana wengi wanafia nyumbani. Lakini kichwa, degedege, kupoteza fahamu: ni malaria kali, uti wa mgongo, kifafa au uvimbe? Maelezo ya mfiwa hayatoshi kutenganisha.

Na mimi nina langu. Nikiwa mgeni kazini, zahanati moja, mtoto wa miaka sita aliletwa mara tatu: kichwa asubuhi, anatapika, kisha anacheza. Mara zote tatu niliandika malaria kwenye kitabu cha MTUHA. Baadaye nikasikia amefariki nyumbani. Hakupigwa picha yoyote. Kwenye hesabu za nchi, yule ni malaria mpaka leo.

Kwa hiyo usipousikia ugonjwa, usidhani haupo. Mtoto akiumwa kichwa asubuhi na kutapika siku hadi siku, akiyumba, akipata makengeza ya ghafla au degedege bila homa, au kichwa cha kichanga kikikua haraka, mlete. Tunza kadi zote. Sema wazi: "Nesi, hii ni mara ya tatu." Omba rufaa, na ukipewa nenda, hata kama ni mbali.

Mungu awatunzie watoto. Maswali wekeni hapo chini, nikitoka zamu nitajibu.