Dawa Iliyoitwa "Isiyo na Sumu"

Kipindi cha Afya na Historia: maandishi ya kipindi kwa wasikilizaji

(Muziki wa kufungulia, kisha unashuka.)

 

Wengi wenu mnaijua barabara itokayo Bujumbura kwenda Rumonge. Kulia ni ziwa, kushoto ni mlima. Unapita Kabezi, unafika Gitaza, halafu Magara, na mbele zaidi unaanza kuona michikichi ya Rumonge. Ukiendelea kusini unafika Nyanza Lac, karibu na mpaka wa Tanzania. Leo mwambao huo unajulikana kwa mukeke, ndagala na mawese. Lakini zaidi ya miaka 100 iliyopita ulijulikana kwa jambo jingine: ugonjwa wa malale.

Tunaisimulia historia hiyo leo kwa sababu ndani yake kuna somo kuhusu dawa unayopewa kituoni. Somo lenyewe ni hili: dawa na maelezo yake haviachanishwi. Ukipewa kidonge bila maelezo, umepewa nusu ya matibabu.

Tuanze na ugonjwa. Malale huletwa na kijidudu kidogo sana kinachoingia mwilini mtu anapoumwa na mbung'o. Aina fulani ya mbung'o hupenda kivuli cha vichaka vilivyo kando ya maji, pale pale watu wanapoteka maji, wanapovua na wanapoegesha mitumbwi. Mgonjwa huanza na homa na uvimbe wa tezi za shingo. Baadaye kijidudu huingia kwenye ubongo. Mgonjwa husinzia mchana, hukosa usingizi usiku, akili hubadilika, na asipotibiwa kwa kawaida hufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 ugonjwa huu uliua watu wengi sana kuzunguka Ziwa Viktoria, na ukashika pia mwambao wa Ziwa Tanganyika.

Wakati ule Wajerumani walitawala Tanganyika, Rwanda na Urundi. Mwaka 1906 alikuja Robert Koch, daktari mkubwa wa Ujerumani, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka 1905. Alijenga kambi ya matibabu katika Visiwa vya Sese, upande wa Uganda wa Ziwa Viktoria. Wagonjwa walikuja kwa mamia.

Dawa aliyoitumia iliitwa Atoxyl. Maana ya jina hilo ni "isiyo na sumu". Hata hivyo ndani yake kulikuwa na aseniki, na aseniki ni sumu. Waliipa jina hilo kwa sababu ilidhuru kidogo kuliko aseniki nyingine zilizotangulia. Mgonjwa aliyesikia jina tu, angejuaje?

Mwanzoni dawa ilionekana kufanya kazi nzuri. Wagonjwa waliokuwa hoi walipata nafuu. Vijidudu vilitoweka kwenye majimaji ya tezi za shingo. Kisha vikarudi. Koch akaongeza dozi, kutoka nusu gramu hadi gramu moja. Hapo ndipo madhara yalipojitokeza: kichefuchefu, kizunguzungu, maumivu ya tumbo, na mwisho upofu. Wagonjwa 22 walipofuka, na macho yao hayakurudi tena. Dawa ilikuwa imeharibu mshipa wa fahamu unaopeleka habari kutoka jichoni hadi kwenye ubongo. Dozi kubwa ikasimamishwa.

Koch alirudi Ulaya mwaka 1907, lakini kazi iliendelea chini ya wasaidizi wake, akiwemo daktari Friedrich Karl Kleine. Kambi za malale zikafunguliwa pia kwenye Ziwa Tanganyika. Moja ilikuwa Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura. Nyingine ilikuwa Niansa, ndiyo Nyanza Lac ya leo. Mwambao wa Gitaza uko katikati ya sehemu hizo mbili.

Madaktari walikuwa wachache, kwa hiyo waliajiri vijana wa huku na kuwafundisha kupapasa shingo za watu. Kijana aliyegundua tezi zilizovimba alimpeleka mtu huyo kambini akapimwe. Aliyekutwa na ugonjwa alichomwa sindano za Atoxyl, mara nyingi, kwa miezi.

Sasa jiweke mahali pa mvuvi wa wakati ule. Mtu anakushika shingo. Unapelekwa mahali palipozungushiwa ua. Unachomwa sindano, unatapika, unaona kizunguzungu. Unasikia habari za watu waliopofuka. Wiki chache baadaye unajisikia nafuu. Je, ungebaki?

Wengi hawakubaki. Waliondoka kabla ya kumaliza sindano. Madaktari walilalamika kwamba watu ni wakaidi. Lakini ukiitazama vizuri, kila mtu aliyeondoka alikuwa na hesabu yake. Aliona maumivu ya dawa, hakuona kijidudu kilichobaki mwilini. Ilihitajika mtu wa kumweleza, kwa lugha yake, kwamba nafuu si kupona, kwamba kizunguzungu hiki kitapita, na kwamba jicho likianza kuona ukungu asingoje sindano inayofuata.

Hapa, msikilizaji, ndipo penye kiini cha kipindi chetu. Dalili ya kwanza ya upofu ule haikuonekana kwa daktari. Jicho kwa nje lilikuwa zima. Mgonjwa peke yake ndiye aliyejua kwamba leo ziwa linaonekana kama lina ukungu. Asiyefahamu kwamba jambo hilo ni la maana hatalisema. Asiyeulizwa hatalisema. Asiye na lugha ya kulisema hatalisema. Na sindano inaendelea.

Somo hilo halikushikwa haraka. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ilipatikana dawa mpya, tryparsamide. Mwaka 1920 daktari Louise Pearce kutoka Marekani aliijaribu huko Kongo, na ikawa bora kuliko Atoxyl, kwa sababu iliweza kumtibu hata mgonjwa ambaye ugonjwa umefika kwenye ubongo. Lakini nayo ilikuwa na aseniki, na nayo iliweza kudhuru macho. Karibu na mwaka 1930, huko Bafia nchini Kamerun, dozi iliongezwa kupita kiasi, na watu takriban 700 wakapofuka.

Ikaja melarsoprol, iliyogunduliwa mwaka 1949. Iliokoa maisha ya wengi, lakini ilichoma mishipani kama moto, na iliua karibu mgonjwa mmoja kati ya 20 waliotibiwa nayo.

Leo hali imebadilika sana. Tangu mwaka 2018 wagonjwa wa malale wanaoripotiwa duniani kote ni chini ya 1,000 kwa mwaka, na wengi wao wako Kongo. Ipo dawa ya vidonge, fexinidazole, inayomezwa siku 10. Lakini ina sharti: lazima imezwe baada ya kula. Bila chakula mwili hauichukui vya kutosha. Kwa hiyo mhudumu wa afya huhakikisha kwanza kwamba mgonjwa amekula, ndipo anampa kidonge. Yaani kuuliza "umekula?" kumekuwa sehemu ya dawa.

(Muziki mfupi.)

Tuje sasa kwenye maisha yetu kambini. Huenda hutaugua malale kamwe. Lakini malaria, kifua kikuu na magonjwa mengine yapo. Tuchukue mifano miwili.

Wa kwanza ni malaria. Burundi iliacha klorokwini baada ya mlipuko mkubwa wa malaria wa miaka ya 2000 na 2001, na mwaka 2003 ikaanza kutumia dawa mseto. Dawa mseto inayotumika sana siku hizi, artemether na lumefantrine, humezwa mara sita kwa siku tatu. Huingia vizuri mwilini ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta, hata uji wenye karanga au mboga iliyotiwa mawese. Homa inaweza kushuka siku ya kwanza. Vijidudu bado vipo. Ukimwekea mtoto mwingine vidonge vilivyobaki, umewanyima wote wawili dozi kamili. Na ukitapika muda mfupi baada ya kumeza, rudi kituoni uulize kama dozi irudiwe.

Mfano wa pili ni kifua kikuu. Miongoni mwa dawa zake kuna rifampicin, ambayo hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa. Mtu asiyeambiwa anadhani ni damu, anaogopa, anaacha dawa. Kumbe rangi hiyo haina hatari yoyote. Katika matibabu hayo hayo kuna ethambutol. Hiyo kwa watu wachache huathiri mshipa wa jicho, kama ilivyokuwa kwa Atoxyl. Dalili yake ni ndogo: kuona ukungu, au kushindwa kutofautisha nyekundu na kijani. Haiumi. Ni rahisi kuipuuza. Lakini hiyo ndiyo ya kukimbilia kituoni siku ile ile.

Umeona? Jambo linalotisha halina hatari, na lenye hatari halitishi. Huwezi kubahatisha. Ni lazima uelezwe.

Wauguzi wengi huita mambo madogo ya dawa "maudhi", na makubwa "madhara". Maudhi ni kama kichefuchefu kidogo, kinywa kuwa kichungu, au mwili kulegea kwa siku chache. Huvumilika, na muuguzi anaweza kukuonyesha namna ya kuyapunguza. Madhara ni kama kushindwa kupumua, kuvimba midomo au uso, vipele vinavyoenea au ngozi kubabuka, macho kuwa manjano, kuona ukungu, au kuchanganyikiwa. Ukiona mojawapo, nenda kituoni mara moja, na uende na dawa yenyewe mkononi.

Kwa hiyo, unaposimama kwenye dirisha la dawa, hata kama foleni ni ndefu, uliza mambo matano:

Dawa hii inaitwaje, na inatibu nini?

Nimeze kiasi gani, saa ngapi, na kwa siku ngapi?

Nimeze na chakula au bila chakula?

Maudhi gani ni ya kawaida, na dalili gani zinirudishe hapa haraka?

Inapatana na dawa nyingine ninazotumia, zikiwemo za mitishamba, na inafaa kwa mjamzito au anayenyonyesha?

Kisha mrudie muuguzi maelezo kwa maneno yako mwenyewe. Mwambie: "Nimeelewa hivi, ni sawa?" Hilo si kumsumbua. Unamsaidia kujua kama maneno yake yamefika. Kama Kiswahili kinakupiga chenga, omba akuelezee kwa Kirundi, au umlete mtu unayemwamini akutafsirie.

Na wewe unayejiandaa kurudi nyumbani au kuhamishiwa kambi nyingine: usiache kadi yako ya matibabu. Waambie kituoni kabla ya siku ya safari, ili uondoke na dawa za kutosha na karatasi ya kumwonyesha muuguzi wa huko uendako. Dawa za kifua kikuu, za virusi vya UKIMWI au za kifafa zisikatizwe na safari.

Ndugu msikilizaji, watu wa mwambao wetu walipewa dawa yenye jina zuri na maelezo machache, na wengine walilipa kwa macho yao. Leo dawa ni bora zaidi, na wauguzi wamefundishwa kueleza. Wewe ndiye unayeujua mwili wako unavyojisikia usiku, muuguzi akiwa amelala. Basi usinyamaze. Asubuhi nenda ukamwambie.

Hadi kipindi kijacho, afya njema, na amani iwe nanyi.

(Muziki wa kufungia.)