Dhahiri kwa Nani?

Mwaga unga kwenye ungo, unyunyizie maji kidogo, kisha uzungushe. Unga huo hujiviringisha chengachenga. Kubwa hupanda juu, ndogo hubaki chini. Hakuna mama wa Marangu au Kibosho atakayeshangaa.

Viwandani, sinia la chuma lililoinamishwa na kuzungushwa kwa mota hufanya kazi hiyo hiyo: chenga zikishakua, humwagika zenyewe ukingoni. Faida yake ni kwamba mbolea ya fosfeti, kama ile ya Minjingu mkoani Manyara, ikiwa chengachenga hutulia shambani, wakati ya unga hupeperushwa na upepo.

Tuseme fundi wa Moshi mjini, wa mfano tu, amefunga kikwaruzi kwenye sinia la namna hiyo ili unga usigande, naye anataka hataza, yaani haki ya pekee juu ya uvumbuzi wake. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1987 inadai uvumbuzi uwe mpya, uwe na hatua ya uvumbuzi, na utumike viwandani. Hata kikwaruzi chake kiwe kipya kabisa, sharti la pili linaweza kumwangusha.

“Hatua ya uvumbuzi” ni istilahi butu. Uvumbuzi unapimwa kwa uvumbuzi! “Udhahiri” ni afadhali, ila dhahiri ni kile kinachoonekana kwa macho, na sheria haiulizi macho. Inauliza kama mtu mwenye ujuzi wa fani ile, siku ombi lilipowasilishwa, angefika hapo bila kusumbuka. Mtu huyo Kiswahili kinamjua siku nyingi: ni fundi. Si profesa, wala si kibarua wa jana. Kwa hiyo istilahi inayofaa ni “udhahiri kwa fundi”.

Mwaka 1966 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Graham dhidi ya John Deere, iliyohusu plau ya ardhi yenye mawe, ardhi ambayo mkulima wa Kilimanjaro hahitaji kuelezwa. Graham alikuwa amehamisha mhimili wa plau kutoka juu ya bamba kwenda chini yake. Mahakama ilisema fundi yeyote angeliona hilo, na hataza ikabatilishwa.

Kikwaruzi cha Moshi nacho kinaanguka, maana mashine za kuchanganya zege zinavyo vikwaruzi tangu zamani. Lakini kama kimewekwa mahali ambapo mafundi wote wangeapa kitavunja chenga, kisha zikatoka zote saizi moja bila kuchekechwa, ombi lipelekwe kwa wasajili wa hataza, BRELA, tena mapema.