Kima Punju: Walimwita Sumu, Leo Barabara ya Makunduchi Inapiga Breki kwa Ajili Yake

Ukipanda daladala namba 310 kutoka mjini Unguja kwenda Makunduchi, kuna sehemu ambayo dereva atapunguza mwendo hata kama ana haraka ya kuwahi mechi. Ni pale Pete, kando ya msitu wa Jozani. Matuta yanakuja, na vibao vinamwambia dereva awe makini na kima. Wageni wanatoa simu kuchukua video. Wenyeji wameegemea dirisha na usingizi wao, wala hawana habari.

Sasa ngoja wadau, hayo matuta yana historia yake. Sio ya kiongozi kupita na msafara wala ya mtoto wa shule kugongwa. Yaliwekwa kwa ajili ya mnyama ambaye wazee wa huko huko kusini walikuwa hawataki hata amguse mbwa wao.

Jina lake kima punju. Punju, yaani sumu. Na usimchanganye na kima wa kawaida, yule wa kijivu anayeiba ndizi jikoni. Huyu mgongo wake ni mwekundu wa kutu, mabega na mikono vimeingia weusi, na usoni ana nywele nyeupe zilizosimama kama mtu aliyeamka sasa hivi. Mdomo na pua vina rangi ya waridi utadhani kapaka lipstiki. Kidole gumba hana, mkono wake una vidole vinne tu virefu vya kushikia matawi. Na duniani kote kwa asili yake anapatikana Unguja na visiwa vidogo vya jirani yake tu.

Kwa nini sumu? Maneno yalikuwa mengi. Wengine walisema ananuka, sio kama kima wengine. Wengine walisema mti akikaa na kula majani yake, mti huo unakauka. Kubwa kuliko yote, walisema mbwa akimla huyu kima ananyonyoka manyoya yote. Kijana aliyekulia vijiji vya kusini alisikia haya kabla hajajua kusoma. Ukiyachunguza, hayajatoka hewani moja kwa moja. Huyu mnyama kweli anakula majani mchana kutwa, na kikundi kizima kikihamia kwenye mti mmoja, mti unabaki kama umechunwa. Mkulima akiutazama asubuhi, afikirie nini?

Lakini hapo ndipo penye utamu wa stori, maana lile jina baya huenda lilimsaidia. Waislamu hawali kima, hilo liko wazi. Ila hata asiyejali haramu na halali, nani atatia chungu jikoni kupika kitu kinachoitwa sumu? Tatizo lake halikuwa nyama sana. Tatizo lilikuwa shamba. Mkulima anamfukuza, anampiga mawe, na mwenye bunduki anampiga risasi, kwa sababu amemkuta juu ya mnazi.

Wazungu walipomjua walimpa jina jingine kabisa. Mwaka 1868 mtaalamu wa Uingereza, John Edward Gray, alimwandika kwenye vitabu vya sayansi na kumpa jina la John Kirk, daktari aliyekuwa anafanya kazi kwenye ubalozi wa Uingereza hapa Zanzibar. Ndiyo, ni Kirk yule yule ambaye mwaka 1873 alimbana Sultani Barghash mpaka akasaini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Basi kima aliyekuwepo Unguja tangu bahari ilipopanda na kukitenga kisiwa na bara, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, akawa anaitwa kwa jina la bwana mmoja aliyekuja kwa meli juzi juzi. Watu wa Makunduchi wao waliendelea na punju yao.

Kuna mnyama mwingine alikuwa na jina baya kuliko yeye, na hadithi yake inatakiwa isimuliwe hapa ili uelewe jinsi kima punju alivyopona. Ni chui wa Unguja. Huyu aliaminika kwamba anafugwa na wachawi, wanamtuma kutisha watu na kula mifugo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaanzishwa kampeni ya kusaka wachawi pamoja na chui wao, ikiongozwa na mganga mmoja aliyekuwa na jina kubwa kisiwani. Chui waliuawa vibaya mno. Leo wanasayansi wengi wanamhesabu kama mnyama aliyetoweka. Mwaka 2018 kipindi kimoja cha televisheni cha Marekani kilionyesha video ya chui usiku, mitandao ikachafuka, lakini mpaka leo hakuna aliyethibitisha kwamba bado yupo. Kilichobaki ni ngozi za makumbusho na stori za wazee wa Jozani.

Kwa hiyo uvumi ni kitu cha hatari, si mchezo. Chui alisingiziwa uchawi akaisha. Kima punju alisingiziwa sumu akabaki, lakini alibaki kwa shida, maana msitu wake ulikuwa unakatwa kila upande. Kusini mwa Unguja ardhi yenyewe ni maweni, mawe ya matumbawe yenye udongo kiduchu juu. Mtu analima sehemu miaka michache, udongo unachoka, anafyeka pengine. Hapo hapo kuna kuni, kuna mkaa wa kupeleka mjini, kuna kuchoma chokaa. Kila gunia la mkaa lililopikia pilau ya harusi mjini lilitoka kwenye miti ya mtu fulani, na juu ya miti hiyo alikuwepo mwingine anaishi.

Serikali iliona hatari mapema. Mwaka 1974 kima punju 14 walikamatwa Unguja wakapelekwa Pemba, msitu wa Ngezi, ili hata ikitokea balaa huku wabaki kule. Hawakufa wote, ila hawakuzaana kama ilivyotarajiwa. Miaka mingi baadaye wamekutwa bado wachache tu. Kuhama nyumbani sio kwa binadamu peke yake kunakosumbua.

Sasa njoo miaka ya 1990, hapa ndipo kesi ilipofunguliwa rasmi. Mashamba ya Pete, yaliyopakana na msitu, yalikuwa yamejaa kima. Wakulima walilalamika: wanyama wanakula nazi zetu changa, mtatulipa nani? Malalamiko ya haki kabisa. Mtu mwenye minazi kumi, ada ya mtoto iko juu ya mti, halafu anamwona kima anatupa vidaka chini kimoja kimoja kama anamtania.

Wakaja watafiti wawili kutoka Marekani, Thomas Struhsaker na mwenzake Kirstin Siex. Badala ya kuanza kuhubiri, wakafanya kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekifanya: wakahesabu. Walihesabu nazi zilizoliwa, wakahesabu na zilizovunwa. Majibu yalitoka 1999 na yaliwashangaza wengi. Kwenye minazi ambayo kima walikula sana, mavuno ya mwisho hayakupungua. Kuna sehemu hata yalionekana kuwa mazuri zaidi.

Inawezekanaje? Muulize mkwezi yeyote. Nazi inaanza kidaka, inakuja kitale, dafu, koroma, ndio nazi. Mnazi unatoa vidaka vingi kuliko unavyoweza kuvilea, na vingi vinadondoka vyenyewe kabla ya kufika kitale. Kima alikuwa anakula hivyo vidogo. Anapunguza vidaka, vinavyobaki vinapata nafasi ya kukua. Ni kama mtu anayepogoa, tofauti hapewi ujira.

Hiyo haimaanishi mkulima alikuwa muongo. Kima anakula na vitu vingine shambani, na hasara ya mboga au maembe machanga haifidiwi na hesabu ya nazi. Na hapa lazima isemwe: ni rahisi sana mtu wa mjini mwenye friji kumwambia mkulima wa Pete ampende kima.

Kisha ikaja ile ya mkaa, ambayo kwa kweli ndiyo ya kufunga kazi. Kima wa Pete walionekana wanashuka chini, wanaokota mkaa kwenye matanuri ya zamani na kwenye visiki vilivyoungua, wanatafuna. Sio mmoja, wengi. Wanagombania! Wenye mawazo yao wakasema unaona, huyu mnyama si wa kawaida. Watafiti wakapima. Majani ya mkungu na mwembe, ambayo kima wa mashambani wanayapenda kwa sababu yana protini nyingi, yana kemikali zinazochafua tumbo. Mkaa unazinasa zile kemikali. Ni dawa ile ile ambayo hospitali wanampa mtu aliyekunywa sumu. Na inaonekana watoto wanajifunza kwa kuangalia mama zao.

Yaani aliyeitwa sumu, kumbe kazi yake ya kila siku ni kuitoa sumu tumboni.

Tumbo lake lenyewe ni kituko. Limegawanyika vyumba, ndani kuna bakteria wa kuchachusha majani, karibu na ng'ombe vile. Ndio maana tunda bivu lenye sukari halimfai, anapenda bichi. Na ndio maana mtalii anayempungia ndizi mbivu apate selfi anamfanyia ubaya akidhani anamfanyia hisani. Pia kima anaambukizwa mafua na mtu. Ukiona waongoza wageni wa Jozani wanapiga kelele "rudi nyuma, rudi nyuma", sio roho mbaya.

Miaka hiyo hiyo ya 1990 barabara ya kusini ikawekwa lami nzuri. Watu wa Makunduchi, Jambiani na Paje walifurahi, na wana haki. Mama mjamzito anafika hospitali mapema, samaki anafika sokoni bado ana macho mang'avu. Lakini barabara inapita katikati: upande huu msitu, upande wa pili mashamba yenye mikungu na miembe. Kima anavuka kila siku kwenda kula. Gari zikaanza kukimbia, na kima mmoja akawa anagongwa kila wiki mbili au tatu. Kwa mnyama ambaye jike anazaa mtoto mmoja, tena anakaa muda mrefu kabla ya kuzaa mwingine, hiyo ni hesabu ya msiba.

Ndipo matuta yakawekwa. Utafiti uliochapishwa 2021 ulionyesha vifo vimeshuka mpaka karibu kima mmoja kila wiki sita. Afadhali, ila haijaisha. Bado gari zinaua kati ya asilimia 1.77 na 3.24 ya kima wa hifadhi kila mwaka. Na wanaogongwa sio wazee au wagonjwa tu, gari haichagui.

Mwaka 2004 Jozani na Ghuba ya Chwaka zilitangazwa Hifadhi ya Taifa, ya kwanza Zanzibar. Sehemu ya pesa za kiingilio ikawa inarudi kwa vijiji vinavyozunguka, na wakulima wa Pete ambao kima wanakula shambani kwao nao wakawa na mgao wao. Hapo ndipo lugha ilipoanza kubadilika mitaani. Mnyama ambaye babu alimrushia jiwe, mjukuu anamwongozea watalii. Je, mgao unatosha? Muulize mwenye shamba, utapewa jibu refu. Lakini kuna zahanati, madarasa na mabomba ya maji vijijini ambayo pesa ya kima imechangia, na hilo halina ubishi.

Na idadi yao? Kwa miaka mingi makadirio yalikuwa kati ya 1,500 na 2,500. Kisha timu ya shirika la WCS ikapita kisiwa kizima, mpaka vichaka ambavyo watu waliapa havina kitu, ikahesabu. Majibu yakatoka 2017: zaidi ya 5,800. Kabla hujapiga makofi, elewa kwamba hawakuongezeka ghafla, ni kwamba zamani hawakuhesabiwa vizuri. Na timu hiyo hiyo ilisema watoto wengi hawafiki ukubwa na msitu unaendelea kupotea. Bado yumo kwenye orodha ya dunia ya wanyama walio hatarini. Ndugu yake wa Ghana na Ivory Coast, anayeitwa Miss Waldron, hajaonwa na mwanasayansi yeyote akiwa hai tangu 1978.

Mwezi wa Julai Makunduchi inajaa. Mwaka Kogwa umefika, wanaume wanachapana migomba, kibanda kinachomwa moto, kina mama wanaimba mashairi ya kuwasema waume zao, na nusu ya mji inateremka kusini na gari za kukodi, muziki juu. Jioni wote wanarudi kwa barabara ile ile, wengine wamechelewa, wengine wanashindana nani atatangulia Tunguu. Saa hizo hizo kima wa Pete wanavuka kutoka kwenye mikungu kurudi msituni kulala, mama mbele, mtoto amemng'ang'ania tumboni, na wale wadogo wanaocheza cheza ndio wanaobaki nyuma kabisa, katikati ya lami, baina ya tuta moja na jingine.