Kabla ya Komi, tulikuwa na Boyie

Wasee, Komi wa Tomohito Oda alianza 2016 huko Japani: msichana anaogopa kuongea, anaandika kwa daftari, anatafuta marafiki 100. Poa. Lakini Kenya tulikuwa na Boyie wa Shujaaz tangu 2010. Kijana hana kazi, anajifungia chumbani na kurusha redio ya siri. Hata wazazi hawajui ni yeye. Katuni ilikuja bure ndani ya gazeti la Nation na kwa maduka ya M-Pesa, tena kwa Sheng.

Mimi hapa Tongaren nilinyamaza darasani miaka mingi. Kiingereza kikikwama, unachekwa. Ukiongea Kibukusu, unavishwa kibao shingoni. Boyie ndiye alinionyesha mdomo wangu haukuwa na shida. Nilinyang'anywa lugha tu.

Wewe ulinyamazishwa na nini?