Kocha msaidizi wa tenisi ya wanaume vyuoni

Kocha msaidizi katika tenisi ya wanaume ya vyuo vikuu vya Marekani ni mwalimu wa mchezo anayefanya kazi chini ya kocha mkuu, akishughulikia mazoezi, usajili wa wachezaji na uelekezaji wakati wa mechi. Wengi huingia kazini baada ya wao wenyewe kuchezea chuo.

Uzito wa kazi hii, ambao cheo chake hakiuonyeshi, unatokana na muundo wa mashindano. Katika daraja la kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, timu mbili hucheza mechi tatu za wawili wawili, ambazo kwa pamoja huzaa pointi moja, na sita za mmoja mmoja, kila moja ikiwa na pointi yake. Timu inayofikisha pointi nne hushinda. Mechi sita zinaweza kuendelea kwa wakati mmoja, na kanuni huruhusu kocha kuzungumza na mchezaji uwanjani. Kocha mkuu hawezi kuwa kila mahali. Msaidizi ndiye huketi na kijana wakati wa kubadilisha upande, akamwonyesha mpinzani anasimama wapi kupokea servisi ya pili.

Usajili huvuka mipaka, kwa kuwa timu nyingi hutegemea pia wachezaji wa kigeni.

Baadhi ya wasaidizi hupanda kuwa makocha wakuu. John Whitlinger, bingwa wa NCAA mwaka 1974 akiwa Chuo Kikuu cha Stanford, alimsaidia kocha mkuu wa huko, Dick Gould, kwa miaka mingi kabla ya kumrithi mwaka 2004. Billy Martin, bingwa wa 1975, alikuwa msaidizi wa kocha mkuu Glenn Bassett katika chuo kikuu cha UCLA hadi alipoichukua timu mwaka 1993.