Tabora 1916: majeshi mawili, posho bila mkubwa mmoja

Tarehe 19 Septemba 1916, askari wa Force Publique kutoka Congo waliingia Tabora, mji wa Tanzania ya leo, ambao ulikuwa mikononi mwa Wajerumani. Wengi wanakumbuka ushindi huo. Wachache wanakumbuka nani alibeba chakula.

Vita ile ilipiganwa na majeshi mawili yaliyoungana. Jenerali Tombeur aliongoza jeshi la Wabelgiji: kikosi cha Molitor kilitoka Kivu kikapita Rwanda, na kile cha Olsen kilipita Burundi mpaka Kigoma. Jenerali Crewe wa Waingereza aliteremka kutoka Mwanza. Wote walielekea Tabora, lakini hakuna mkubwa mmoja aliyewaamuru wote.

Kila jeshi lilikuwa na hesabu yake ya posho. Mwezi wa pili 1916, huko Lutobo, Uganda, Waingereza waliahidi kumsaidia Tombeur kwa wapagazi na usafirishaji. Basi chakula cha jeshi moja kikategemea ahadi ya jeshi lingine. Baadaye wakubwa hao wakashindana nani atafika Tabora kwanza. Wabelgiji walitangulia, Waingereza wakafika nyuma yao.

Barabara za magari hazikuwepo, mzigo ulikwenda kichwani. Hesabu yake ni kali: mtu anayebeba kilo 25 za unga na kula kilo moja kwa siku, akienda siku kumi na kurudi siku kumi, anamfikishia askari kilo tano tu. Kila hatua mbele ilidai watu wengine tena. Hesabu inayotajwa sana ni wapagazi 260,000 wa Congo katika vita nzima. Maelfu hawakurudi: njaa, kuhara na baridi ya milima viliwaua.

Posho ilipochelewa, askari walichukua ya wanakijiji. Rwanda, vita vilichangia njaa kubwa ya Rumanura, na familia nyingi zilihama.

Katika mapatano ya majeshi, bendera na mipaka ya kazi hupewa nafasi kubwa. Tabora inafundisha swali lingine: nani anaamuru posho, na nani anajibu isipofika? Mwaka 1916 swali hilo halikuwa na jibu moja, na deni lililipwa na mpagazi na mwenye shamba.