Supu ya Mwani, Bethdei ya Nani?

Kwetu bethdei ni keki, mishumaa na, ukiwa na marafiki wakorofi, ndoo ya maji kichwani. Korea keki ipo pia, lakini kabla yake, asubuhi, mwenye siku yake huwekewa wali na bakuli la supu ya mwani, miyeokguk. Kijani iliyokolea hadi inakaribia weusi, inateleza mdomoni. Mgeni hawezi kudhani ni chakula cha sherehe. Mwani mkavu hulowekwa, ukakaangwa kidogo na nyama ya ng'ombe kwa mafuta ya ufuta, kisha maji, kitunguu saumu na sosi ya soya. Wengine wa pwani hutia kome badala ya nyama.

Kwa nini hii na si nyingine? Kwa sababu asili yake ni chakula cha mzazi. Wachaga wana mtori, Waswahili wana uji wa pilipili manga; Mkorea akijifungua hupewa mwani, na kwa desturi ya zamani hilo liliendelea siku 21, yaani saba mara tatu. Bakuli la kwanza, pamoja na wali na maji safi, lilitengwa kwa Samsin, bibi anayeaminika kulinda uzazi. Mwani wenyewe ulinunuliwa mrefu, haukunjwi, na mnunuzi hapatani bei, uzazi usije ukawa mgumu. Eti watu walijifunza kwa nyangumi aliyezaa, wakamwona anakula mwani. Amini usiamini.

Kwa hiyo siku ya bethdei unakunywa alichokunywa mama yako wiki uliyozaliwa.

Ajabu ni kwamba supu hiyohiyo ina nuksi. Mwanafunzi haigusi asubuhi ya mtihani, maana kwa Kikorea kusema mtu amekunywa supu ya mwani ni kusema amefeli, au kazi imeota mbawa. Wengi watakwambia ni ule utelezi tu. Lakini yapo maelezo mengine, na mimi ndiyo yanayonivutia: neno haesan hutamkwa sawa likiwa na maana ya kujifungua na likiwa na maana ya kuvunjwa kwa kundi. Mwaka 1907 Japani ililazimisha jeshi la Korea livunjwe. Askari wakabaki bila kazi, na watu, kwa utani mchungu, wakawapa chakula cha wazazi.

Mwaka 2023 Korea Kusini ilikuwa na wastani wa watoto 0.72 kwa kila mwanamke, miongoni mwa viwango vya chini kabisa duniani. Wazazi wa kunyweshwa supu wanapungua, ila ya bethdei bado ipo, siku hizi hata ya pakiti, kwa anayeishi peke yake mjini. Kinachonikera kidogo ni kwamba nyumbani, mara nyingi, aliyepata uchungu ndiye huyohuyo anayeamka alfajiri kuipika. Wapo watoto waliokwisha kukua ambao wameligeuza hilo: siku yao ikifika, wanaingia jikoni wao, na bakuli la kwanza anapewa mama.